Kuitika usiku

Kwetu Kivu mtoto anafundishwa mapema: ukiitwa usiku, usiitike mara ya kwanza. Ngoja wakuite tena. Sikiliza kama sauti ile unaijua, kama anayeita anaweza kutaja jina la baba yako ao neno lingine la nyumbani. Wengine wanasema anayeita ni mchawi anayetafuta pumzi yako. Wengine wanasema ni marehemu anayetafuta mwenzake wa safari. Sababu zinatofautiana, sheria ni moja. Nimeuliza katika kalasi ya sita, penye wanafunzi Bashi, Warega, Bahavu na wawili kutoka Maniema. Wote walicheka, na hakuna hata mmoja aliyesema kwao haifanyiki.

Chama chetu kimeomba kila mmoja aandike juu ya mila anayoifahamu kwa karibu. Nimechagua hii sababu katika jamaa yetu kuna mtu aliyeivunja kila usiku kwa miezi mingi, mbali sana na nyumbani, akiwa amevaa nguo za jeshi. Ni Babu, mzaa baba, aliyekufa mwaka wa 1994 nikiwa na miaka 12. Mengi nilisikia kwake mwenyewe jioni, mengine kwa Nyanya, ambaye alimfuata mwaka wa 2009 na hakuwa na mazoea ya kupamba hadithi za bwana yake.

Kwanza vita vyenyewe, maana vijana wetu hawavijui. Kila siku watu wa Bukavu wanapita karibu na Camp Saio bila kujiuliza Saio ni nini. Ni mji wa Ethiopia, leo unaitwa Dembi Dolo, ambako Waitalia walijitoa mikononi mwa Force Publique tarehe 3 Julai 1941. Kinshasa nako barabara za Saio, Gambela na Asosa zimechukua majina yao katika vita vilevile. Lakini Birmania, inchi inayoitwa leo Myanmar, haimo sana katika vichwa vyetu. Mwezi wa Juni 2022, Mfalme Philippe wa Ubelgiji alipofika Kinshasa, alimvisha nishani koplo Albert Kunyuku, mzee wa miaka mia moja aliyetumika kule. Redio zilitangaza, na mwanafunzi wangu mmoja akaniuliza: "Mwalimu, Bakongo balienda kutafuta nini Birmania?"

Hawakuwa na cha kutafuta, walipelekwa. Kongo ilikuwa koloni, Ubelgiji wenyewe ulikuwa umekamatwa na Wajeremani tangu Mei 1940, na Waingereza walihitaji watu. Kati ya waliotumwa kulikuwa na kikosi cha kutunza majeruhi, Kituo cha 10 cha Kongo ya Wabelgiji: Wakongo kama 350 na Wazungu kama 20. Kikosi hicho kilipitia Somalia na Madagaska, kisha Ceylon na Uhindi, mpaka Birmania pamoja na Divisheni ya 11 ya Afrika ya Mashariki, ambamo wengi walikuwa askari wa King's African Rifles kutoka Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland. Babu aliingizwa humo kwa sababu ndogo: alikuwa amefagia dispansari ya misioni miaka miwili. Shefu alitaja majina, lake likiwamo. Baba yake yeye alikuwa amebebeshwa mizigo ya Wabelgiji mwaka wa 1916, wakienda Tabora, na alirudi na alama za chikote mgongoni. Kwa hiyo siku ya kuondoka mzee yule hakumwambia mwanawe neno la ushujaa. Alimwambia tu asiache viatu vyake mbali.

Safari ya bahari Babu hakuipenda kuieleza. Tarehe 12 Februari 1944, meli ya Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kwenda Colombo, ilikuwa imezamishwa na nyambizi ya Wajapani. Watu 1,297 walikufa, wengi wao askari wa Afrika ya Mashariki. Yeye alipita njia ile baadaye mwaka uleule. Alisema usiku ilikatazwa kuwasha hata kiberiti, na kwamba askari waliokuwa wanaimba kutwa nzima bandarini hawakuimba tena mpaka walipoona nchi kavu.

Juu ya maisha ya kila siku, hapo ndipo alikuwa hachoki. Mvua kwanza. Sisi watu wa Bukavu tunajiona kwamba tunajua mvua, lakini alisema ile ya bonde la Kabaw, mwaka wa 1944, ilikuwa haina muda wa kupumzika. Barabara ikawa uji, kamiyo zikabaki palepale zilipozama, na chakula kikaanza kutupwa kutoka kwenye ndege. Miavuli ile ilishonwa kwa kitambaa cha gunia, sababu hariri ilikuwa haitoshi. Wali, nyama ya kopo, chai yenye maziwa ya kopo. Unga wa mahindi ukifika, alisema, hata watu wa makabila yanayochukiana walikaa chungu kimoja. Ruba walipanda miguuni, nao waliwatoa kwa moto wa sigara. Kila siku walimeza kidonge dhidi ya malaria mbele ya koplo, ambaye aliwafungulisha midomo kuhakikisha, na kidonge kile kilibadilisha ngozi ya Wazungu ikawa ya manjano. Jambo hili lilimfurahisha Babu mpaka uzeeni. "Tuliwaona bamekuwa kama ndizi," alisema.

Jambo lingine alilopenda kulirudilia ni kipoyi. Hakusema machela, alisema kipoyi, neno letu la kile kiti ambacho wazee wetu waliwabebea Wazungu mabegani milimani. Kule kila aliyeumia alipandishwa kipoyi: Mzungu, Muhindi, Mgurkha, mtu wa Nyasaland, na mara mbili tatu hata Mjapani. Aliyebeba upande mmoja anaweza kuwa Mukongo, upande wa pili Mwingereza. Babu hakuniambia lolote zaidi juu ya hilo. Alinyoosha tu mabega yake mawili, akapima kwa mkono kuonyesha kwamba miti ilikuwa sawasawa. Tusidanganyane lakini. Jeshi lile lile halikumruhusu Mwafrika kuwa ofisa, chikote ilikuwa bado katika sheria, na mwezi wa Februari 1944 askari wa Luluabourg walikuwa wameasi. Siandiki ili tuitamani Force Publique.

Lugha ya amri ilikuwa Kilingala. Pamoja na watu wa King's African Rifles alisema Kiswahili, na wale walimcheka. Kwao Kiswahili chetu kilikuwa cha porini. Naye aliwajibu kwamba chao kimejaa Kiingereza. Sajini mmoja wa Tanganyika alimwandikia barua ya nyumbani, na Nyanya aliniambia kwamba mwalimu wa misioni alipoisoma mbele ya watu, hawakuamini kuwa imetoka kwa mtu wao, namna ilivyokuwa na adabu.

Sasa kazi yenyewe. Majeruhi walipofika kutoka mbele, munganga aliwatazama haraka na kuwagawanya. Wanaoweza kungoja, hema hili. Wa kupasuliwa mara moja, hema lile. Na wale ambao kisu hakingewasaidia kitu walipewa dawa ya maumivu na kuwekwa kando, mahali penye kimya. Huko alihitajika mtu wa kukaa nao usiku, awape maji, afukuze nzi, aite munganga mambo yakibadilika. Babu alipewa kazi hiyo kwa sababu, alisema, hakuwa mwenye kelele.

Haya ni maneno yake, ninayaandika kama nilivyoyasikia: "Usiku batu banaita mama. Bote. Muzungu anaita, Muhindi anaita, mutu wa Nyasa anaita. Kila mutu na luga yake, lakini ile neno unaisikia tu. Mara ya kwanza minanyamaza, sababu njo vile tulifundishwa. Anaita tena. Anaita tena. Basi minasema: niko. Anashika mukono, ananyamaza."

Mwenzake mmoja, mtu wa Kasai, alimwonya. Kuitika mara ya kwanza ni vibaya. Kuitika jina lisilo lako ni vibaya zaidi. Kumwitikia mtu ambaye mguu wake mmoja umeshavuka, hilo hata mganga wa kwenu hatalifungua. Yeye alikuwa anajua hayo yote. Hakunieleza kamwe kwa nini aliendelea. Nilipomuuliza kama hakuogopa, alisema aliogopa, akaomba nimletee maji ya kunywa.

Alirudi mwaka wa 1945, na shida ikarudi pamoja naye. Nyanya alisimulia kwamba miezi ya kwanza Babu alikuwa anaitika katika usingizi. Hakuna aliyemwita, naye anasema "Niko", wazi kabisa, kama mtu aliye macho. Siku moja aliitika mara tano. Mama mkwe alipojulishwa aliamua mambo mawili: mwanawe asilale karibu na mlango, na jua likizama asiitwe tena kwa jina lake, aitwe Baba wa fulani. Mpaka leo, miaka themanini, jina la Babu halitajwi nyumbani kwetu usiku. Watoto wangu wanalishika hilo bila kujua Birmania iko upande gani, na mke wangu, ambaye si wa kabila letu, analishika zaidi ya wote.

Kati ya 1946 na 1951 walizika watoto watatu. Siku zile surua ilipita kijijini kama mtu anayekusanya kodi, na karibu kila nyumba ilizika. Lakini watu wa jamaa walikuwa na maelezo yao tayari: wale wa Birmania wanadai. Aliwaambia yupo, basi wamemfuata. Babu aliishi na maneno hayo karibu miaka hamsini, akiyasikia katika matanga, katika ugomvi wa mashamba, hata kwa ndugu yake mdogo siku ya pombe. Mjomba wangu mkatekista anasema yote ni upagani, tusiuandike. Mimi ni mwalimu wa historia, siwezi kufuta kitu kwa sababu hakinipendezi. Ila ninakataa kwamba mila inasema hivyo. Mila inasema usiitike sauti usiyoijua. Yule aliyekuwa anaita ndani ya hema alikuwa na uso, alikuwa na mkono, Babu alikuwa amemwosha damu mchana. Na mila nyingine yetu, ya zamani vilevile, inakataza kumwacha mtu afe bila mwenye kumshika. Wazee hawakukaa siku moja wakaamua ipi inashinda zikikutana, kwa maana walikuwa hawajaona mahali ambapo watu wanakufa namna ile, wengi, wageni wao kwa wao. Babu alilazimika kuamua peke yake, usiku, na taa ya mafuta.

Mwaka wa 2006 nilimuuliza Nyanya kama yeye aliamini yale maneno ya watoto. Alikuwa anachambua maharagi. Alichambua mpaka nikadhani hakusikia, halafu akasema: "Batoto bale balikuwa bangu pia. Na mimi sikuitikaka mutu."

Kisha mila ya usiku imepata kazi mpya, kila mtu wa Bukavu anaijua. Tangu majeshi yalipoanza kuingia mjini, 1996, 1998, 2004, na tena Februari 2025, sauti ya nje usiku si ya mchawi. Ni ya mtu mwenye bunduki, na mara nyingine analijua hata jina la baba yako. Wazazi wanawakataza watoto kuitika, na hakuna mtoto anayecheka. Neno soda kwa wanafunzi wangu ni neno la kujificha. Nikiwaambia kwamba Babu alikuwa soda, wananitazama namna ya kunihurumia, na inanichukua saa nzima ya masomo kuwaeleza kwamba kazi yake yote ng'ambo ilikuwa kubeba, kuosha na kukaa.

Mjini watu walijitafutia njia yao. Nyumba ikivamiwa, jirani hatoki, hasemi kitu, hafungui mlango. Anachukua sufuria na kijiko, anapiga. Wa pili anasikia, anapiga. Firimbi zinafuata. Mtaa mzima unalia mpaka wezi wanaogopa.

Usiku mmoja wa 2007, tukikaa Kadutu, mama wa nyumba ya tatu aliita. Hakuita mwizi, hakuita polisi, aliita jina la Nyanya, sauti moja tu, ikakatika. Sisi wanaume tulikuwa tumeamka, tumelala chini kwenye sakafu, tunasikiliza kama itarudi mara ya pili. Nyanya alikuwa na miaka zaidi ya themanini, sikio la kushoto halikusikia tena. Tulimsikia anapapasa jikoni gizani, vifuniko vinaanguka, akitafuta ile sufuria kubwa ya matanga.