Kulipa Sikio la Fundi

Tukikutana Watanzania wa hapa Minneapolis, lalamiko kuhusu gereji huwa moja: unatozwa kabla hata spana haijashikwa. Gari lako linatoa mlio usioeleweka likiwa sailensi, limewashwa na limesimama, unalipeleka, na mstari wa kwanza kwenye karatasi ya bei ni ada ya uchunguzi. Mara nyingi ada hiyo ni sawa na saa nzima ya kazi, dola 100 na ushee. Dar fundi anasikiliza bure. Labda umwachie ya soda.

Mimi ada ile naitetea, na wenzangu wananiona nimeshalewa Uzungu.

Fundi wa Marekani huanza kwa kuchomeka mashine ya kupimia chini ya usukani. Magari yote madogo yanayouzwa huku yana soketi hiyo tangu modeli za 1996. Kama silinda ya kwanza inamisi, kompyuta itatoa msimbo P0301 na kazi imeshakuwa nyepesi. Lakini kelele nyingi za sailensi haziandikwi popote. Beringi ya alterneta ikianza kufa, kompyuta haina habari maadamu chaji inatoka. Corolla yangu ilikuwa ikilia kama sufuria lenye mawe kila niliposimama kwenye taa nyekundu, na nikikanyaga mafuta kidogo mlio unapotea. Mashine ikasema gari ni zima. Fundi akalinyanyua, akapiga ekzosi kwa ngumi yenye glavu, akacheka. Boliti ya lile bati la kukinga joto ilikuwa imeliwa na kutu. Huku wakati wa majira ya baridi humwagwa chumvi barabarani kuyeyusha barafu, na chumvi haiachi chuma salama. Akalibana bati kwa klipu kubwa ya hozi. Klipu yenyewe dola chache, ada ndiyo iliyouma. Ila hakuniuzia kitu kingine chochote, na hakuwa na sababu ya kujaribu. Alikuwa ameshalipwa.

Sasa njoo Gerezani, Dar. Fundi hashiki kitu kwanza, anauliza. "Inalia asubuhi tu au muda wote, bosi? Washa AC. Haya, zima." Mlio ukija na kuondoka na AC, macho yanakwenda kwenye kompresa na mkanda. Anadondoshea mkanda maji kidogo injini ikiwa inazunguka: ukinyamaza kidogo kisha ukarudi, puli haziko kwenye mstari mmoja, ukizidi kupiga kelele, mkanda umelegea. Halafu inatoka bisibisi ndefu. Ncha anaiweka kwenye mwili wa alterneta, mbali na vinavyozunguka, mpini anaubana kwenye mfupa wa mbele ya sikio, jicho moja kalifumba. Anahamia pampu ya maji, kisha tensiona, kisha kava la valvu. Tiki-tiki inayokwenda nusu ya mwendo wa injini anaitafuta juu, kwa sababu kamshafti huzunguka mara moja wakati kranki inazunguka mara mbili. Mlio mzito wa kugonga kutoka chini una njia yake: anachomoa soketi za koili moja moja, na mlio ukipungua kwenye silinda fulani, konrodi ya hapo ndiyo inayogonga. Hapo hata wapita njia wanakutazama kwa huruma, maana injini iko njiani kunoki.

Yote hayo dakika ishirini, bila senti tano. Na hapo ndipo ninapoona kasoro. Jibu kalipata, lakini hajalipwa, na hela yake imo kwenye kubadilisha kitu. Akisema "hiyo tiki-tiki ni injekta tu, kawaida yake, nenda zako", amefanya kazi ya bure na watoto hawajala. Basi tensiona inageuka cheni nzima ya injini, na cheni inageuka "injini ya used ipo, bosi, imeingia juzi kutoka Japani". Simwiti mwizi. Sisi wateja ndio tuliokataa kununua jibu, tukabaki kununua spea.

Likizo iliyopita IST ya shemeji yangu ilikuwa ikikwaruza kila asubuhi, sekunde chache tu baada ya kuwashwa, kisha kimya. Alikuwa ameshaambiwa anunue cheni. Nikamwita fundi mwingine, nikamwambia nampa shilingi 30,000 ya kusikiliza tu, hata asipokuta kitu.

"Kwa hiyo leo nalipwa kwa kusimama, kaka?"

Akaja alfajiri, gari halijawashwa. Akachomoa dipstiki, akasugua oili kati ya vidole, akauliza ni ya namba gani. 20W-50. Akatikisa kichwa. Cheni ya injini ya 1NZ hukazwa na tensiona inayosukumwa na presha ya oili. Gari likilala usiku presha hiyo inakuwa haipo, na oili nzito huchelewa kufika juu. "Weka 5W-30 na filta mpya, tembelea wiki mbili. Cheni usinunue kwanza."

Mkwaruzo ukafupika mpaka lazima uwe umesimama karibu na boneti kuusikia. Shemeji hajaridhika. Anasema kwa elfu thelathini fundi angebadilisha japo plagi.