Waliopita Malolo

Mjukuu wangu, miaka ya 1950, kiangazi kilipoingia, Wamawia hawakukatika njiani kwetu Malolo. Walivuka Ruvuma kwa mitumbwi kutoka Msumbiji wakielekea mashamba ya mkonge ya Lindi na Kilwa: wanaume wenye chale usoni na meno yaliyochongwa, wanawake wenye ndonya kwenye mdomo wa juu, mizigo ya muhogo mkavu kichwani, nguo zikinuka moshi wa kulala porini. Bibi aliwauzia fungu la karanga kwa senti kumi. Asiye na senti alipalilia kutwa, jioni akapakuliwa ugali. Usiku walisimulia jinsi Mreno alivyowalimisha pamba kwa nguvu, kisha akawadai kodi.

Hakuna aliyewauliza hati. Vita vya Korea vilikuwa vimepandisha bei ya katani, na wenye mashamba walilia kila siku kwamba watu hawatoshi. Shirika lao la kuandikisha manamba, SILABU, lililoundwa 1944, lilisaka mikono mbali sana. Aliyejileta mwenyewe kwa miguu yake alipokewa papo hapo. Sisi Wamwera tulikuwa na mashamba yetu, baadaye na mikorosho, wala hatukuutamani mkonge. Nilifika mashamba yale ya mkonge nikiwa kijana, nikawaona Wamawia wakikata majani tangu alfajiri, mikono imechanwa na miiba, na uvundo wa maji ya korona, mashine ya kuchambulia mkonge, ukiwafuata hadi kambini. Kazi ile waliifanya wageni, na fedha za kigeni za Tanganyika zikatoka humo.

Katikati ya miaka ya 1960 bei ya katani ikaanguka. Septemba 1964 FRELIMO, wapigania uhuru wa Msumbiji, ilianza vita dhidi ya Mreno, na watu wa ng'ambo ile ile wakavuka tena, safari hii watoto mgongoni. Nchi yetu iliwapokea, hata Nachingwea ikawa kambi ya wapiganaji wa Samora Machel, nami najivunia hilo. Lakini waliopelekwa makazi ya Rutamba walihitaji kibali hata kutoka, ilhali baba zao walipita Malolo bila kuulizwa jina.

Ndugu zao waliofuata mkonge na miwa hadi Kwale, Kenya, walizeeka bila uraia. Mwaka 2016 waliandamana kwenda Nairobi, ndipo Rais Uhuru Kenyatta akaamuru wapewe vitambulisho. Wewe uliyesomea sheria, siku utakapoketi kuandika ya vibali vya kazi, andika pia haki ya yule atakayezeeka hapa na ya watoto atakaowazaa.