Glavu Kuukuu za Cooperstown
Ndugu msomaji, ukijaliwa kufika Cooperstown, mji mdogo kando ya Ziwa Otsego, jimbo la New York nchini Marekani, usiache kuzuru makumbusho ya besiboli yaliyofunguliwa mwaka 1939. Huko glavu kuukuu hutunzwa kama hazina.

Zamani mpira ule mgumu ulidakwa kwa mikono mitupu, na vidole vikavunjika. Mwaka 1875 Charles Waitt alivaa glavu yenye rangi ya ngozi ya mwili, watu wasiitambue, kwani aliona haya kujikinga. Mwaka 1877 Albert Spalding, mchezaji mashuhuri, akavaa nyeusi hadharani. Mwaka 1919 Bill Doak akapendekeza kamba zisukwe kati ya kidole gumba na cha shahada, zinase mpira.

Nawe mfanyakazi, kuukinga mkono unaokulisha si uoga.