Watoto Wenye Jasho la Chumvi Kali

Sisi tuliolea watoto Bwiza, mtaa wa Bujumbura, wakati kipindupindu kinaingia mwambao wa Ziwa Tanganyika, mwishoni mwa miaka ya 1970, tulijua jambo moja kuhusu chumvi na tulilijua barabara. Maji safi lita moja, sukari vijiko vya chai 6, chumvi nusu kijiko. Mama alipitisha mgongo wa kisu juu ya kijiko, punje zilizozidi zikarudi kwenye kopo, maana chumvi ikizidi inamdhuru mtoto. Kisha alikaa naye usiku kucha, akimnywesha kidogo kidogo. Kizazi hicho nakiheshimu mno. Wengi wanaopita leo barabara za Bwiza na Buyenzi na watoto wao mkononi ni matunda ya kijiko kile.

Lakini walikuwapo watoto wa namna nyingine. Mtoto anakula vizuri ila hanenepi. Choo chake kina mafuta na harufu kali. Kikohozi hakimwachi, makohozi ni mazito kama gundi, na kila baada ya miezi michache anarudi hospitali na kifua. Bibi akimbusu kipaji cha uso, midomo inabaki na chumvi. Palipojaa kifua kikuu, nimonia na utapiamlo, mtoto kama huyo hupotea kwa urahisi, na majirani humtafutia mchawi au humlaumu mama yake.

Ugonjwa wenyewe unaitwa sistiki faibrosisi. Madaktari wetu waliosoma kwa Kifaransa husema mukovisidozi. Mtoto anaurithi kwa baba na mama wote wawili, nao wenyewe ni wazima. Jeni yake ilipatikana mwaka 1989, kwa kazi ya Lap-Chee Tsui, Jack Riordan na Francis Collins.

Seli zinazofunika njia za hewa, utumbo na tezi za jasho zina milango ya chumvi. Mmoja, CFTR, unaotengenezwa na jeni hiyo, hupitisha kloraidi. Mwingine, ENaC, huingiza sodiamu ndani ya seli. Milango hii hufanya kazi kwa kutegemeana. CFTR ikiharibika mapafuni, kloraidi haitoki, na wataalamu wengi wanaona kwamba ENaC nayo hukosa wa kuizuia, ikavuta sodiamu kupita kiasi na maji yakaifuata. Ute unakauka, vijidudu vinapata makao. Kwenye mfereji wa jasho mambo ni kinyume: huko chumvi ilitakiwa kurudishwa mwilini, lakini CFTR ikilala, ENaC nayo inazembea, na chumvi inaishia kwenye ngozi. Hiyo ndiyo anayoionja bibi.

Kinachonishangaza mpaka leo ni kwamba kipindupindu kinapita mlango uleule. Sumu yake huilazimisha CFTR ya utumbo ibaki wazi. Kloraidi inamwagika, sodiamu na maji vinafuata, hata mtu mzima aweza kupoteza lita nzima kwa saa moja. Sukari ya akina mama wetu iliokoa kwa sababu ina njia yake ya kuingia mwilini pamoja na sodiamu, njia ambayo sumu ile haiigusi. Kumbe mlango uliobaki wazi tulipambana nao kwa nguvu zetu zote, na uliofungwa hakuna aliyetufundisha kuuangalia.

Tuliambiwa sistiki faibrosisi ni ugonjwa wa Wazungu. Kweli kwao umeenea zaidi, lakini badiliko la jeni liitwalo 3120+1G→A limekutwa kwa watu weusi wa Afrika Kusini na Marekani. Damu haikusoma vitabu vya kikoloni.

Wajukuu zangu mnaosomea udaktari na uuguzi hapa Bujumbura, muulizeni mama kuhusu jasho la mwanawe. Dawa mpya zinazoiamsha CFTR zipo tangu 2012, na bei yake inatisha. Ila mtoto aliyetambuliwa mapema ana mengi ya kupewa kabla ya hizo: vimeng'enya vya kusagia mafuta kila anapokula, kugongwagongwa mgongo ili makohozi yatoke, antibiotiki bila kuchelewa. Na katika joto hili la uwanda wetu wa Imbo, aongezewe chumvi kwenye chakula. Huko New York, katika joto kali la mwaka 1948, watoto wa ugonjwa huu walizimia kwa kuishiwa chumvi, na ndipo daktari Paul di Sant'Agnese alipoanza kuchunguza jasho lao.