Ripoti ya Semista Bila Msimamizi

Semista imeisha, na wale niliosoma nao wanatumia wasimamizi wao ripoti: sura ngapi zimekamilika, mahojiano mangapi, kurasa ngapi. Mimi niliacha chuo mwaka wa tatu karo ilipokosekana, lakini utafiti wangu wa somo la dini haukuniacha. Basi pokea ripoti yangu kutoka Navakholo.

Mahojiano: saba. Kurasa: kumi na nne. Mfadhili: makala ninazoandikia watu mtandaoni. Zikilipwa, napata nauli ya boda na bando.

Mada ni makanisa ya Roho, wale wa kanzu nyeupe na vilemba wanaopita na ngoma huku sisi tukitoa simu kuwarekodi. Historia yao ni ya huku huku Magharibi. Mwaka 1927 uamsho ulizuka kwenye misheni ya Waquaker huko Kaimosi, na walioguswa na Roho wakaanza njia yao. Mwaka 1942 Zakayo Kivuli, aliyetoka kwa Wapentekoste wa Nyang'ori, alianzisha African Israel Church Nineveh.

Usiku namsoma Okot p'Bitek, aliyewahi kufanya kazi hapo Kisumu miaka ya 1960. Mwaka 1970 Oxford ilikataa tasnifu yake ya udaktari kuhusu dini ya Waluo wa Kati. Mwaka 1971 ikatoka kama kitabu, Religion of the Central Luo, na watu wanakisoma hadi leo. Okot anaeleza pia jinsi wamisionari walivyowauliza wazee wa Kiacholi ni nani aliyewaumba. Swali halikuingia katika lugha yao, likageuzwa: nani aliwafinyanga? Wazee wakajibu Rubanga, pepo aliyeaminika kuwapinda watu mgongo. Jina hilo ndilo likawa la Mungu wa Wakristo. Ona swali linavyoweza kuzaa jibu lake lenyewe!

Nikiwa na hayo kichwani, nilimuuliza kukhu mmoja hapa, "Kukhu, kanzu nyeupe ina maana gani?"

Akaniangalia. "Hilo ni swali lako ama la shule?"

"Shule niliacha, Kukhu. Ni langu."

"Haya, sikiza. Mimi huifua mwenyewe, Ijumaa. Kama nina kinyongo na mtu, haitakati. Naenda kwanza kwa huyo mtu tuongee, halafu narudi kwa beseni."

Hayo ndiyo yaliyojaza ukurasa wa kumi na nne. Nilikuwa nimesoma kuhusu utakaso, toba, alama na mafumbo. Sikuwa nimesoma popote kuhusu mama anayeacha nguo ndani ya povu akaenda kupatana na jirani.

Kama nina haki ya kujiita mtafiti bila namba ya usajili, sijui nani wa kuamua. Ninachojua ni kwamba tasnifu ya Okot ilikataliwa, lakini waliyomwambia wazee hayakukataliwa nayo.

Mpango wa semista ijayo: Ijumaa hii naenda kumsaidia kukhu kuchota maji. Daftari litakaa mfukoni mpaka kanzu ianikwe.