Difu Iliyofia Chalinze

Kenta ya mjomba ilitoka gereji jioni ikiwa na krauni na pinioni mpya za difu, na alfajiri yake tukaipakia mabati mpaka springi zikalala. Hiyo ndiyo ilikuwa safari yangu ya kwanza kuvuka Kibaha. Nilikwenda kama tandiboi mpaka Korogwe: kazi yangu kukaza kamba, kuweka kigingi tairini na kumzuia mjomba asisinzie.

Usingizi haukumsumbua. Mlandizi ilipobaki nyuma, mvumo ulianza chini ya sakafu. Mjomba akakanyaga mafuta, ukapanda, akaachia, ukakatika. "Hiyo si beringi ya tairi," akasema. Beringi ya tairi huvuma mguu uwepo kwenye pedeli usiwepo, na sauti yake hubadilika gari likikata kona. Mlio unaotii mguu wa dereva ni wa meno ya difu. Tukavuka Mto Ruvu, tukapita mizani ya Vigwaza bila tatizo la uzito, na tulipoikaribia Chalinze chuma kikalia "ka!" mara moja. Kuanzia hapo gari likawa linagonga kila gurudumu likimaliza mzunguko. Krauni huzunguka pamoja na magurudumu, kwa hiyo pigo moja kwa kila mzunguko maana yake kuna jino limeondoka.

Chalinze, kilomita mia na ushee kutoka Dar es Salaam, ni njia panda: ukinyoosha unakwenda Morogoro, ukikata kulia unakwenda Segera, kisha Tanga au Moshi na Arusha. Mji unaishi kwa magari yanayosimama, yakipenda yasipende. Kabla mjomba hajafungua mlango, wauza nanasi za Kiwangwa na mahindi ya kuchoma walikuwa wameshatoa hukumu: spea feki. Dereva wa lori la jirani akakubali, na mjomba naye akaelekea kukubali. Neno hilo naliogopa. Likishatamkwa, hakuna tena anayeinama kutazama.

Fundi tuliyeletewa alikuwa mtu mzima. Nikamwamkia, akaitikia "marahaba" akiwa tayari amelala chini ya gari. Alifungua nati ya kumwagia oili, akaikinga kwenye karai, akaipikicha kwa vidole na kuinusa. Ilikuwa nyeusi, imeungua, na ndani yake chembe za chuma ziling'aa juani. Akachomoa ekseli na propela, akakishusha kichwa kizima cha difu juu ya gunia.

Kwanza alitafuta namba. Krauni na pinioni husagwa pamoja kiwandani na hupigwa namba ya jozi; namba zikitofautiana, umeuziwa wake wa watu wawili, kama alivyosema mwenyewe. Hizi zilifanana. Kisha akaifuta krauni na kuniita. "Njoo uone, mwanangu." Meno mawili yalikuwa yamekatika. Mengine yalikuwa na rangi ya buluu, alama ya moto mkali, na kila jino lilikuwa na ufito mwembamba wa mng'aro chini kabisa karibu na shina. Katikati, mahali ambapo mzigo ungepaswa kukaa, rangi ya kiwandani ilikuwa bado haijaguswa.

"Shimu za pinioni mliweka zipi?"

"Zile zile za zamani," mjomba akajibu. "Zilikuwa nzima."

Shimu ni vile vipande vyembamba vya chuma vinavyoamua pinioni iingie ndani kiasi gani. Jozi mpya huwa na kipimo chake, na shimu za jozi iliyokufa haziijui. Pinioni yetu ilikuwa imezama mno. Aliyeifunga alisogeza krauni pembeni mpaka mchezo wa meno ukawa sawa, kiasi cha unene wa karatasi mbili, akautikisa kwa mkono na kuridhika. Mkono hupima mchezo tu, haujui meno yanakutana wapi. Kwa hilo inatakiwa rangi: unapaka meno machache, unazungusha huku krauni umeizuia kwa kipande cha mbao, kisha unasoma alama iliyobaki.

Akaingiza sumaku kwenye mirija ya ekseli na kumwaga kilichonasa juu ya kitambaa. Akazitenga chenga vilima viwili: zinazong'aa, za asubuhi ile, na nyingine zilizofifia kwa siku nyingi. Difu mpya ilifungwa bila hausingi kuoshwa. Mjomba akavitazama vile vilima viwili, na habari ya feki haikurudi tena.

Jozi nyingine ilipanda basi kutoka Kariakoo siku iliyofuata. Fundi alibadilisha shimu, akapaka rangi, akafungua, akabadilisha tena, mpaka alama ikatulia katikati ya jino. Nusu ya mabati ikahamia gari jingine. Masharti yake yalikuwa mafupi: mwendo wa taratibu, kusimama Lugoba difu ipoe, mzigo mdogo, na oili kumwagwa kabla ya kilomita 1,000, kwa sababu meno mapya hutoa unga wake yakizoeana.

Lugoba nilishuka nikaweka kiganja kwenye hausingi. Ilikuwa na joto la kuvumilika. Nilipoinuka nikamkuta mjomba na mtu aliyetaka kusafirishiwa mifuko ya saruji mpaka Mandera, na bei wameshaafikiana.

"Anko, fundi amekataa," nikamwambia.

"Fundi yuko Chalinze," akajibu. Hata hivyo saruji ilibaki Lugoba.