Taa Sita Kwenda Makoroboi

Je, umewahi kufika Makoroboi? Ni mtaa ulio katikati ya jiji la Mwanza. Jina lake limetokana na koroboi, ile taa ndogo ya bati. Mafundi wa hapo walichukua makopo matupu na mabati chakavu. Waliyakata, wakayakunja, wakayalehemu. Kisha walitia utambi wa pamba, na koroboi ikawa tayari. Nyumba nyingi za kandokando ya ziwa zilipata mwanga kwa taa hizo.

Mwezi uliopita nilikwenda Makoroboi pamoja na kaka yangu. Kaka ni mvuvi wa dagaa kisiwani Ukerewe. Alibeba mfuko wa salfeti begani. Ndani ya mfuko mlikuwa na taa sita, na zote zilikuwa hazifanyi kazi.

Msomaji aliye mbali na ziwa atauliza, dagaa na taa wapi na wapi? Dagaa huvuliwa usiku wa giza. Mvuvi huweka taa zielee juu ya maji. Dagaa hufuata mwanga, hukusanyika, kisha wavu huvutwa. Usiku wa mbalamwezi dagaa hutawanyika, na wavuvi hupumzika. Basi bila taa hakuna dagaa. Na bila dagaa, nyumbani kwa kaka hakuna unga wala madaftari ya watoto.

Zamani wavuvi walitumia karabai. Baba yetu alikuwa nayo moja tangu kabla sijazaliwa. Karabai ilikula mafuta ya taa mengi, na kuipampu kulichosha mkono. Lakini ilifunguka yote. Kile kifuko cheupe kinachowaka kikikatika, unanunua kingine. Kioo kikivunjika, unanunua kioo tu. Ngozi ya pampu ikikauka, baba alikata nyingine kutoka kwenye kiatu cha zamani.

Mwaka jana kaka aliweka karabai kando. Alinunua taa sita za betri, kila moja shilingi 25,000. Zote ni shilingi 150,000. Sitaki kuzisema vibaya taa hizi. Hazitaki mafuta, hazina moshi, na mwanga wake ni mweupe. Lakini kabla mwaka haujaisha zilizimika, moja baada ya nyingine. Aliyemwuzia alimwambia, "Hizo hazitengenezwi. Nunua nyingine."

Nyingine kwa fedha zipi? Ndiyo maana tulipanda meli asubuhi pale Nansio. Safari ilichukua zaidi ya saa tatu. Ukikaribia Mwanza unaona mawe makubwa yamepandana juu ya vilima, kama mtu aliyapanga. Mengine yamesimama ndani ya maji. Hata ukiyaona mara mia, utayatazama tena.

Makoroboi palikuwa na watu wengi siku ile. Tulimkuta fundi mmoja mzee, ameketi chini ya mwavuli. Mezani pake palikuwa na bisibisi, waya, risasi ya kulehemu, na redio tatu zilizofunguliwa.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, wanangu. Mna mgonjwa gani?"

Kaka akamwaga taa mezani. Fundi hakuzibonyeza kwanza. Alizigeuza moja moja, akizipapasa tumbo kwa kidole gumba. Akabandua karatasi yenye jina la kiwanda. Chini ya karatasi palikuwa na skrubu nne. Zilifichwa! Kaka alicheka kwa mshangao. Alikuwa na taa hizo mwaka mzima, wala hakujua.

Fundi alifungua. Alichukua betri nzima aliyokuwa nayo, akagusisha nyaya zake. Taa ikawaka pu! mchana kweupe.

"Taa yako haijafa," alisema. "Iliyokufa ni betri."

Taa nne zilikuwa na skrubu. Kwa hizo alitia betri mpya, kila moja shilingi 9,000 pamoja na kazi. Jumla shilingi 36,000. Taa mbili zilizobaki hazikuwa na skrubu hata moja. Zilikuwa zimegandishwa kwa gundi pande zote. Fundi alipitisha kisu cha moto kwenye ungio, na plastiki ikapasuka. Betri ya ndani ilikuwa ya umbo lake peke yake, na hakuna duka alilolijua linalouza betri ya namna hiyo. Tulimwachia hizo mbili achukue nyaya.

Kisha akamwuliza kaka, "Usiku wa mbalamwezi taa unaziweka wapi?"

"Ndani, juu ya dari."

"Zimejaa moto, au tupu?"

Kaka alinyamaza. Fundi alieleza kwamba betri hizi zina risasi na asidi ndani, kama betri ya gari. Ukiiacha tupu siku nyingi, huharibika na haipokei moto tena. Lazima ichajiwe kabla ya kuwekwa. Kwa hiyo kosa moja lilikuwa la kaka. Lakini kosa la gundi si lake.

Kwa nini kiwanda kitie gundi badala ya skrubu? Pengine gundi ni rahisi, au inazuia maji. Lakini mara nyingine kiwanda kinataka urudi dukani upesi. Jambo hili si geni. Mwaka 1924 makampuni makubwa ya balbu za umeme yalikutana Geneva, nchini Uswisi. Miongoni mwao yalikuwamo Osram ya Ujerumani na Philips ya Uholanzi. Wakati ule balbu nyingi ziliwaka saa 1,500 hadi 2,000. Makampuni yakapatana kwamba balbu iwake saa 1,000 tu. Walizipima balbu, na kampuni ambayo balbu zake zilidumu mno ilitozwa faini. Hebu fikiri, fundi kutozwa faini kwa kufanya kazi nzuri! Mapatano hayo yalivunjika vita kuu ya pili ilipoanza mwaka 1939.

Serikali nyingine zimeanza kuyaangalia mambo haya. Mwaka 2023 Umoja wa Ulaya ulitunga sheria juu ya betri. Sheria hiyo inataka kwamba, kuanzia mwaka 2027, betri ndogo za vyombo vingi ziweze kutolewa na mwenye chombo mwenyewe.

Kabla ya kupanda meli kaka aliingia dukani kutafuta taa mbili za kujazia. Mwuzaji alimwonyesha zilivyo nzuri. Kaka alizigeuza, akapapasa chini ya karatasi kwa kidole gumba.

"Unatafuta nini, mzee?" mwuzaji aliuliza.

"Skrubu."

Hazikuwapo. Akauliza duka la pili, na la tatu. Duka la nne alipata moja, ghali kidogo, shilingi 30,000. Aliinunua. Jioni ya kesho yake mwezi haukuwapo. Nilisimama ufukoni nikahesabu taa zake zikielea mbali majini. Zilikuwa tano.